Njia ya Mwelekezi Hupitia Chumba cha Hadithi

Hotuba kwa wanafunzi wanaohitimu katika fani ya uhuishaji, Nairobi

Waheshimiwa wageni, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana mnaohitimu leo, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu safari za kikazi za watu wanaotengeneza filamu ndefu za katuni, zile za dakika themanini, tisini au zaidi zinazoonyeshwa kwenye kumbi za sinema. Ombi hilo nimelipokea kwa moyo mmoja, kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa mji huu ni hili: nijifunze programu gani ili siku moja nielekeze filamu yangu mwenyewe? Ni swali la mtu mwenye bidii, na linastahili jibu la kweli. Jibu hilo halipo katika programu yoyote. Nimefuatilia kwa miaka mingi kazi za waelekezi wa filamu hizi, wa Marekani, Japani, Ufaransa, Ayalandi na wa bara letu, na ninaona jambo moja likijirudia. Wengi wao hawakukabidhiwa filamu kwa sababu walikuwa mahodari wa kumsogeza mhusika kwenye kompyuta. Walikabidhiwa kwa sababu wenzao waliwajua kuwa watu wanaoweza kuikwamua hadithi iliyokwama. Hilo ndilo nililokuja kulieleza, na ndilo ninalotamani lifundishwe Nairobi kwa uzito uleule tunaoupa ufundi wa mashine.

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha moja moja zinazofuatana, na kwa hiyo filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Hata pale mchoro mmoja unapotumika kwa fremu mbili, kama ilivyo desturi katika katuni za kuchorwa kwa mkono, bado inahitajika michoro 12 kwa kila sekunde kwa kila mhusika anayesonga. Katika studio kubwa za Marekani filamu moja huchukua miaka minne au mitano, huajiri mamia ya watu, na gharama yake huweza kupita dola milioni 150. Mwelekezi wa filamu ya waigizaji wa kawaida anaweza kupiga tukio lilelile mara kumi kisha akachagua lililo bora wakati wa kuhariri. Katika uhuishaji hakuna akiba ya namna hiyo, kwa sababu sekunde kumi zisizohitajika ni majuma kadhaa ya jasho la mtu yaliyotupwa. Kwa hiyo filamu ya katuni huhaririwa kabla haijatengenezwa, na mahali inapohaririwa ni chumba cha hadithi.

Chumba hicho hakina maajabu ya kutazama. Yumo mwandishi mwenye mswada, wamo wachoraji wa storibodi, yaani hadithi iliyopangwa kwa michoro, yumo mwelekezi na yumo mhariri. Mchoraji hupewa kurasa tatu au nne za mswada, akaenda kuzichora kwa haraka, picha baada ya picha, kama zitakavyoonekana kwenye skrini. Akirudi huzitundika ukutani au kuzifungua kwenye kompyuta, kisha huzisimulia mbele ya wenzake kwa sauti za wahusika wote, akinong'ona panaponong'onwa na kufoka panapofokwa. Baadaye mhariri huzipanga kwa urefu wa muda unaofaa, huzitilia sauti za wafanyakazi wenyewe na muziki wa kuazima, na hapo inapatikana filamu nzima ya michoro isiyosonga ambayo watu wanaweza kuketi wakaitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hutazamwa, hukosolewa, hubomolewa, hujengwa upya. Jambo hili hurudiwa mara kadhaa kwa filamu moja, na michoro inayotupwa huwa mingi kuliko inayobaki. Wengi wenu mmeiona Frozen ya mwaka 2013. Dada mkubwa katika hadithi ile alikuwa amepangwa awe adui, hadi ulipoandikwa wimbo wake mkuu na watengenezaji wakatambua kwamba msichana anayeimba maneno yale hawezi kuwa adui. Ikabidi hadithi nzima ipangwe upya kumzunguka yeye.

Mtu anayekaa katika chumba hicho kwa miaka hujifunza mambo ambayo hakuna dawati jingine la studio linaloyafundisha kwa pamoja. Hujifunza kamera isimame wapi, tukio lianze lini na likatwe lini, mhusika anataka nini hata asipokisema, na mtazamaji ajue nini kabla ya mhusika kukijua. Hizo ndizo kazi za mwelekezi. Kwa hiyo studio inapotafuta mwelekezi mpya, mara nyingi hatafutwi mbali.

Angalieni Brenda Chapman. Alianza kama mchoraji wa hadithi katika Disney, akaiongoza idara ya hadithi ya The Lion King iliyotoka mwaka 1994, kisha akahamia DreamWorks na kuelekeza The Prince of Egypt ya mwaka 1998 pamoja na wenzake wawili. Kwa filamu hiyo akawa mwanamke wa kwanza kuelekeza filamu ndefu ya katuni ya studio kubwa ya Marekani. Jennifer Yuh Nelson, aliyezaliwa Korea Kusini, alijiunga na DreamWorks mwaka 1998 akichora storibodi, akaongoza idara ya hadithi ya Kung Fu Panda ya mwaka 2008, na miaka mitatu baadaye akaelekeza sehemu ya pili peke yake, filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 660 duniani. Hesabuni wenyewe: ni miaka 13 tangu aingie mlango wa studio ile hadi jina lake lilipoandikwa kama mwelekezi. Domee Shi aliingia Pixar mwaka 2011 kama mwanafunzi wa mafunzo ya kazini katika idara ya hadithi, akatoa filamu fupi ya Bao mwaka 2018 iliyomletea tuzo ya Oscar, na mwaka 2022 akaelekeza Turning Red.

Namtaja kwa upendo wa pekee Peter Ramsey, Mmarekani mweusi aliyekulia Los Angeles. Kwa miaka mingi alichora storibodi za filamu za waigizaji wa kawaida, filamu za waelekezi wengine, kazi ambayo mtazamaji hajui hata kama ipo. Akaingia DreamWorks, akaongoza idara ya hadithi, na mwaka 2012 akaelekeza Rise of the Guardians. Mwaka 2019 alipokea Oscar pamoja na wenzake kwa Spider-Man: Into the Spider-Verse, akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata tuzo ya filamu bora ndefu ya katuni. Alipopata jina hakulifungia nyumbani: alikuwa mtayarishaji mtendaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi kumi za Kiafrika uliotoka mwaka 2023, na miongoni mwa waelekezi wa mkusanyiko huo yumo Mkenya mwenzetu, Ng'endo Mukii, mwenye filamu iitwayo Enkai.

Sasa niwaonyeshe kwa karibu kile ninachokiita kazi ya hadithi, kwa sababu naogopa mkadhani ni jambo la kuandika insha. Mwanafunzi mmoja wa hapa mjini aliwahi kuleta storibodi ya mtoto anayepotezana na mama yake katika kituo cha Kencom saa za jioni. Toleo la kwanza lilikuwa na rangi za kupendeza. Lilianza kwa picha ya juu ya jiji, jumba la KICC likiwaka machweo, kisha kamera ikashuka polepole mpaka barabarani, mama akageuka, akaona mkono wake mtupu, akapiga ukelele wa kuita jina la mtoto. Wenzake walilisifu, na kwa haki, kwa kuwa mkono wa mchoraji ulikuwa mwepesi. Akaulizwa swali moja tu: mtoto anaona nini?

Toleo la pili alilileta kwa penseli, watu wake wakiwa vijiti. Kamera ilikuwa imeshuka hadi urefu wa mtoto wa miaka mitano. Jiji lilikuwa limetoweka. Kulikuwa na magoti, vikapu, mifuko ya ununuzi, viatu vinavyokwepa dimbwi. Picha ya nne ilionyesha mkono wa mtoto ukishika pindo la sketi ya bluu. Picha ya tano, hatua chache za kutembea kwa uhakika. Picha ya sita, uso unainama kumtazama, na si uso wa mama. Hakuna aliyepiga ukelele. Sauti iliyoandikwa pembeni ilikuwa ya makanga anayeita abiria wa Kawangware, na ilikuwa ileile kabla na baada ya mtoto kutambua kwamba amepotea. Picha sita za vijiti, na kila aliyeziona alijua kwamba huyu anaweza kupewa filamu. Hapakuwa na programu yoyote iliyobadilika kati ya toleo la kwanza na la pili. Kilichobadilika ni kwamba mchoraji alikuwa ameamua hadithi ni ya nani.

Sisemi kwamba mlango ni huo mmoja. Wako walioingia kwa dawati la chini kabisa. Hayao Miyazaki wa Japani aliajiriwa na studio ya Toei mwaka 1963 kuchora michoro ya katikati, ile inayojaza nafasi baina ya mchoro mmoja mkuu na mwingine, kazi ambayo huko na huku ndiyo ya mwanzo na yenye malipo haba. Lakini tazameni alivyoifanya. Studio hiyo ilipokuwa ikitengeneza filamu ya safari za Gulliver iliyotoka mwaka 1965, kijana huyu wa michoro ya katikati hakuridhika na mwisho wake, akapendekeza mwisho mwingine, na mwisho huo ukakubaliwa ukaingia katika filamu. Hakuwa na cheo cha kumruhusu kufikiria hadithi. Alifikiria hata hivyo. Filamu yake ndefu ya kwanza kama mwelekezi ilitoka mwaka 1979, baada ya miaka mingi ya kuchora na kuelekeza vipindi vya televisheni. Studio Ghibli aliianzisha na wenzake mwaka 1985, na Oscar yake ya pili ya filamu ndefu aliipata mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 83.

Wako pia walioingia kwa kalamu bila kuchora. Jennifer Lee alifanya kazi katika uchapishaji wa vitabu jijini New York kabla ya kurudi chuoni kusomea filamu. Akaajiriwa Disney kusaidia kuandika Wreck-It Ralph ya mwaka 2012, na mwaka uliofuata akawa mwandishi na mwelekezi mwenza wa ile Frozen niliyoitaja. Barani kwetu, Malenga Mulendema wa Zambia alikuwa mwandishi asiye na historia ya uhuishaji alipoingiza wazo lake katika mpango wa hadithi wa studio ya Triggerfish ya Cape Town mwaka 2015. Wazo hilo la wasichana wanne wa Lusaka lilifika kwenye Netflix mwaka 2023, likiwa kipindi cha kwanza cha mfululizo wa katuni cha Kiafrika kutengenezwa kwa ajili ya mtandao huo. Miaka minane kati ya wazo na skrini si mingi katika fani hii, na ninawaomba wazazi walioko hapa waielewe hesabu hiyo kabla ya kumwuliza kijana kila Krismasi filamu yake imefika wapi.

Kuhusu umri niseme neno fupi. Michel Ocelot alizaliwa mwaka 1943, akaishi sehemu ya utoto wake Guinea, akatengeneza filamu fupi na vipindi vya televisheni kwa miongo kadhaa, na filamu yake ndefu ya kwanza, Kirikou, ikatoka mwaka 1998 akiwa na miaka 55. Sauti zake zilirekodiwa Dakar na muziki ukatungwa na Youssou N'Dour. Mtu asikwambie kwamba umechelewa.

Na wako ambao hawakuwa waelekezi kamwe, nao maisha yao ya kazi yalikuwa makubwa. Tyrus Wong, mhamiaji kutoka Uchina, aliajiriwa Disney mwaka 1938 kuchora michoro ya katikati. Aliposikia kwamba studio inaandaa Bambi, akachora kwa wakati wake mwenyewe mandhari za msitu zenye ukungu na mistari michache, na michoro hiyo ndiyo iliyoamua sura ya filamu nzima iliyotoka mwaka 1942. Kufikia wakati huo studio ilikuwa imemwachisha kazi, kufuatia mgomo wa wafanyakazi wa mwaka 1941, na kwenye orodha ya majina aliandikwa kama mchoraji wa mandhari tu. Anayependa rangi na mwanga, au anayependa kumfanya mhusika apumue, asijione mdogo. Hata hivyo Wong naye alifika pale alipofika kwa kuuliza filamu inahitaji nini, wala si kwa kumaliza tu michoro aliyopangiwa.

Lazima nizungumze pia kuhusu kuporwa na kuanguka, kwa sababu vijana wengi huiacha fani hii siku ya kwanza wanapoumizwa. Brad Bird aliachishwa kazi Disney akiwa kijana. Filamu yake ya kwanza ndefu, The Iron Giant ya mwaka 1999, haikupata watazamaji wa kutosha kumbini, ingawa leo inaheshimiwa sana. Miaka mitano baadaye alielekeza The Incredibles katika Pixar na kupata Oscar. Brenda Chapman naye aliibuni Brave kutokana na uhusiano wake na binti yake, akaielekeza kwa miaka, kisha mwaka 2010 akaondolewa kwenye kiti cha uelekezi kwa sababu ya tofauti za kisanii, na mwingine akaimalizia. Mwaka 2013 walipanda jukwaani pamoja kupokea Oscar. Tuzo ilikuja, lakini jeraha la kuondolewa kwenye hadithi iliyotoka tumboni mwako halifutwi na sanamu ya dhahabu, na yeye mwenyewe amelizungumzia wazi.

Jambo hilo linatugusa sisi moja kwa moja. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inachukulia kwamba kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, au uliyoagizwa na mteja, haki zake ni za mwajiri au za mteja, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kushika: isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Ukiwa na hadithi unayoipenda, iandike, ichore, iandikishe kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na uifanye hivyo kabla hujaipeleka mezani kwa mtu. Na ukipewa mkataba, usome hadi ukurasa wa nyuma, au umpe anayeweza kuusoma.

Nije sasa nyumbani. Bara hili halikuanza uhuishaji jana. Moustapha Alassane wa Niger, kijana aliyesomea ufundi wa mitambo, alikuwa akitengeneza filamu fupi za katuni katika miaka ya 1960. Bon voyage, Sim, hadithi ya rais chura anayekwenda ziarani, ni ya mwaka 1966. Hapa Nairobi ndipo zilipotengenezwa Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010 vikitumia mtindo wa michoro uliozaliwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga. Kwame Nyong'o alituletea The Legend of Ngong Hills, iliyopata tuzo ya uhuishaji bora katika tuzo za filamu za Afrika, AMAA, mwaka 2012. Dar es Salaam, Ubongo Kids wamekuwa wakizungumza na watoto kwa Kiswahili tangu mwaka 2014. Mikono ipo. Macho yapo.

Kinachokosekana ni ngazi ya katikati, na naomba tuitazame sababu yake bila kulaumiana. Mkate wa wahuishaji wengi wa mji huu unatokana na matangazo ya biashara na filamu fupi za mashirika kuhusu chanjo, malaria, kilimo na usafi wa maji. Ni kazi halali, nyingine ni za kuokoa maisha. Lakini mswada wake hufika ukiwa umeshaidhinishwa na mteja, kila neno limepigwa muhuri, na anachoombwa mhuishaji ni kuusogeza mdomo wa mhusika ulandane na maneno. Mtu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa miaka kumi, akawa hodari kupita kiasi, na katika miaka yote hiyo asiulizwe hata mara moja hadithi inahitaji nini. Hivyo siku mtayarishaji anapotokea na fedha za filamu ndefu, anatukuta na wahuishaji wengi wazuri na watu wachache mno wa chumba cha hadithi, basi chumba hicho anakiweka katika nchi nyingine na sisi anatuletea kazi ya kumalizia. Nasema haya kwa uchungu. Utajiri wote wa hadithi za pwani, za ziwani, za Eastlands na za kaskazini unabaki mikononi mwa watu ambao hawajawahi kufundishwa kuutundika ukutani na kuubomoa.

Mtaniambia kwamba hatuna fedha za Hollywood. Ni kweli, na ndiyo sababu nataka mwangalie studio mbili zilizo mbali na Hollywood. Cartoon Saloon ilianzishwa mwaka 1999 katika mji mdogo wa Kilkenny nchini Ayalandi na marafiki waliosoma pamoja. Waliishi kwa matangazo na kipindi cha televisheni huku hadithi yao ya watawa na kitabu cha kale ikiiva, na The Secret of Kells ikatoka mwaka 2009, ikiwa imechangiwa na Ufaransa na Ubelgiji. Iliteuliwa kugombea Oscar, na filamu ndefu tatu zilizofuata za studio hiyo ziliteuliwa pia. Zingatieni mpangilio wao: tangazo linalipa kodi ya nyumba, na hadithi yao inaendelea kuchorwa. Hawakusubiri matangazo yaishe.

Mfano wa pili ni wa juzi. Gints Zilbalodis wa Latvia alitengeneza filamu yake ya kwanza ndefu, Away ya mwaka 2019, peke yake, pamoja na muziki wake. Ya pili, Flow, hadithi ya paka katika mafuriko isiyo na neno hata moja la mazungumzo, ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo kila mmoja wenu anaweza kuipakua bila malipo leo jioni. Iligharimu takriban yuro milioni 3.5, na mwezi Machi mwaka 2025 ikashinda Oscar mbele ya filamu za studio zenye mali isiyo kifani. Wapo watakaonikatiza hapa waseme kwamba Zilbalodis hachori storibodi, na watakuwa wamesema kweli. Yeye hujenga mahali pake ndani ya kompyuta kwa maumbo makavu, akaingia na kamera, akatembea humo akitafuta picha, akazipanga na kuzihariri hadi filamu nzima ikae sawa, ndipo kazi ya kuhuisha ianze. Basi hiyo ndiyo kazi ileile ya chumba cha hadithi, imefanywa kwa kifaa kingine. Penseli si sharti. Sharti ni kuitafuta filamu wakati kubadilisha bado ni rahisi.

Kwa hiyo nina maombi, na nayatoa kwa kila kundi lililopo. Walimu wenzangu, tuwape wanafunzi alama kwa storibodi walizozibomoa na kuzijenga upya, na tusiwape tu kwa sekunde thelathini za mwendo uliong'arishwa. Wenye studio, mnapopata kazi ya mteja, wekeni kijana mmoja wa hadithi katika mkutano wa kwanza, kabla mswada haujapigwa muhuri. Mteja mwenye busara atashukuru kuonyeshwa njia bora, na kijana atakuwa amepata saa moja ya shule ambayo hailipiwi. Na mwandikie jina lake mwishoni mwa kazi, hata ikiwa ni ya dakika mbili. Wale mlio serikalini na kwenye mifuko ya sanaa, fedha za kuandaa hadithi kwa mwaka mmoja kwa watu watano ni ndogo sana zikilinganishwa na fedha za kutengeneza, na ndizo zinazoamua kama kitu kitakachotengenezwa baadaye ni chetu.

Nanyi mnaohitimu, msisubiri kuajiriwa na chumba cha hadithi ambacho bado hakijajengwa. Kusanyikeni watatu au wanne, mwandishi mmoja akiwemo, mkutane kila mwezi. Kila mtu alete dakika moja ya hadithi iliyochorwa, aisimulie kwa mdomo wake, asikie inapochosha, arudi nayo mwezi unaofuata ikiwa nyingine. Tumieni Kiswahili chenu, tumieni Sheng pale wahusika wanapoizungumza, tumieni lugha ya bibi zenu, kwa sababu mhusika anayezungumza lugha ya kuazima huigiza kwa kuazima. Mkiwa na hadithi iliyobaki imesimama baada ya kubomolewa mara nyingi, itengenezeni iwe filamu fupi. Filamu fupi ndiyo barua ya utambulisho inayosomwa kila mahali. Enkai ya Ng'endo Mukii ilitanguliwa na filamu fupi aliyoitengeneza akiwa mwanafunzi mjini London, Yellow Fever ya mwaka 2012. Ikifuatiwa na nafasi katika kipindi cha mfululizo, ipokeeni, hata ikiwa ni ya kuchora mandhari, mradi muwe karibu na mlango wa chumba kile. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Baada ya chai ukumbi huu utabaki wazi hadi saa kumi na moja jioni. Tumeweka mbao upande wa madirisha, pamoja na pini na karatasi tupu. Aliyekuja na storibodi, hata ya ukurasa mmoja, aitundike na asimame kando yake ili aisimulie mwenyewe kwa sauti. Wenye studio waliofika wamekubali kubaki, nami nitazunguka nao ubao hadi ubao. Asanteni sana kwa kunisikiliza.